Fremu ya Bei Rahisi Bafuni kwa Nyaga

Siku mliyoniaga, wenzangu wa karakana, mlinikabidhi zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua, mkaniimbia, mkanilisha keki kama bibi harusi. Nilipofika nyumbani nikaifungua. Ni kioo cha bafuni chenye fremu ya plastiki ya rangi ya waridi, kimenunuliwa supamaketi mjini Embu. Watu ambao kuanzia asubuhi hadi jioni kazi yao ni kukata vioo na kuunda fremu walichanga, wakaninunulia plastiki. Nilikiweka mezani nikakitazama, nacho kikanitazama, na hapo ndipo nilipoamua kuandika haya. Siku ile mliniomba niseme maneno machache nikakataa kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Sasa someni.

Sitaeleza nilipandishwa cheo lini. Pale kwetu Siakago kulikuwa na vyeo viwili tu, fundi na mwenye duka, na mwenye duka hakuwa na nia ya kuhama. Nitaeleza kazi ya kukiwekea kioo cha bafuni fremu kwa mtu asiyetaka kutoa pesa. Hiyo ndiyo kazi iliyonizeesha, na nyinyi pia itawazeesha.

Nilifundishwa na Mzee Ireri, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu mfupi mwenye kovu kwenye kila kidole, na hakuna kovu hata moja alilokubali kuwa kosa lake. Kioo ndicho kilichokosea. Siku ya kwanza nilienda nimevaa viatu vya kanisani, nikidhani nitaketi kaunta niwe naandika risiti. Akanipa ufagio na kunionyesha vipande vya vioo vilivyokuwa chini ya meza, vingine nadhani vya enzi za wakoloni. Nilifagia hadi viatu vikapauka. Alipoona sijatoroka akanipa kikata kioo, akanifundisha kuchovya gurudumu lake kwenye mafuta taa, kuegemeza rula, na kuvuta mstari mara moja tu bila kurudia. Mstari mzuri hutoa sauti kama kitambaa kinachochanwa. Ukisikia kimya, umepapasa, hujakata.

Wanaume waliokuja dukani waliniuliza fundi yuko wapi, mimi nikiwa nimeshika kikata kioo mkononi. Niliwajibu kuwa ametoka, nikaendelea na kazi. Wengine walivuta kiti wakamngoja.

Somo la pili la Mzee Ireri hamlijui, maana nimeona kazi zenu. Alichukua fremu niliyokuwa nimeipiga vanishi mpaka ikang'aa, akailaza juu ya kioo, akaniambia niinamie kwa pembeni. Ndani ya kioo nikaona ubao mweupe usiopakwa kitu, alama yangu ya penseli na tone la gundi. Picha huficha mgongo wa fremu, lakini kioo huuonyesha kila mtu anayenawa uso. Basi pakeni rangi ukingo wa ndani na upande wa nyuma kabla hamjaunganisha. Mzee aliniambia hayo bila kupandisha sauti, kisha akanirudishia ile fremu nianze upya.

Jambo lingine ni mbao. Mukima unaoshushwa kutoka milimani Meru huja na maji yake yote. Ukifika huku kwetu kwenye joto hukauka kwa hasira. Mteja mmoja wa Kiambere alitaka fremu ya haraka, mwenye duka akamuuzia mukima mbichi huku Mzee Ireri akiguna pale nyuma. Jua halikuchukua muda. Pembe zilifunguka hadi ungeweza kupitisha kijiko, na asubuhi moja kioo kikaanguka kwenye sinki mwenyewe akinyoa ndevu. Alikuja dukani amenyoa upande mmoja. Mwenye duka alimwambia kuwa mbao ni kitu hai. Yule mteja alimjibu kwa Kimbeere, na maneno yake siwezi kuyaandika mahali ambapo mchungaji wangu anaweza kuyasoma.

Kwa hiyo mtu akija na mfuko mtupu, msimwambie arudi akipata. Mwambieni alete chaga za kitanda cha zamani au mlango ulioliwa pembeni. Mbao iliyokaa nyumba ya mtu kwa miaka imeshamaliza ujinga wake wote wa kujikunja. Ipigeni randa, ipakeni vanishi pande zote, pamoja na vichwa vilivyokatwa, maana mvuke wa bafu huingilia hapo. Kateni vipande vya patapata kuukuu, zile ndala za mpira, mgandishe nyuma ya pembe za chini ili fremu isigusane na ukuta na maji yasitulie. Msitumie silikoni yenye harufu ya siki nyuma ya kioo. Itakula ile rangi ya fedha, na mteja ataona madoa meusi usoni pake aende kwa daktari wa ngozi.

Na kioo msikigandishe ukutani. Kitundikeni kwa skrubu. Mzee Ireri alisema kila anayekuomba umgandishie kitu moja kwa moja atarudi kukuomba ukibandue. Mimi niliona ni maneno ya mzee aliyechoka, mpaka nilipokutana na Nyaga.

Nyaga, ambaye majirani tulimwita Baba Wawira kwa jina la binti yake, alikuwa mnunuzi wa muguka. Nusu ya nchi ilitafuna majani yaliyopita mikononi mwake, na pesa zake zilijulikana hadi Embu. Zilijulikana tu, hazikuonekana. Wawira alikuwa amechumbiwa na kijana wa Muthara huko Tigania, Mutwiri, na watu wa kijana walikuwa wanakuja kwa mazungumzo ya ruracio, yaani mahari. Nyaga akaona aibu, wageni wa Tigania waje wapelekwe choo cha nje. Akajenga bafu ndani ya nyumba. Vigae vilipanda ukutani hadi kiunoni vikaishia hapo. Mfereji uliwekwa ukawa unang'aa, maji yakabaki kwenye pipa na kikombe.

Alikuja dukani akaegemea meza yangu. "Mama Njeru," akaniambia, "nataka kitu ya maana kwa hiyo bafu, lakini isinimalize."

Pamoja na kioo cha bafuni alitaka fremu ya picha yake mwenyewe. Alikuwa amepigwa picha studio akiwa ameketi kwenye kiti kirefu, amevaa suti, vidole vikiwa juu ya kompyuta ambayo haikuwa imewashwa. Picha hiyo hakuifanyia bajeti. Aliitaka kwa muringa, mbao ya bei, na mimi nilikuwa na muringa uliokaukia darini mwa karakana. Kisha akasema kioo kiwe na kipimo kilekile cha picha, ili nipime mara moja na asilipie kupima mara mbili. Nimefanya kazi na watu bahili wa kila dini, lakini huyo aliniacha nimefungua mdomo.

Kuhusu fremu ya kioo alisema nisijisumbue, mbao anazo. Alirudi na kifurushi amekifunga kwa gazeti. Nilipokifungua nikaona mbao nyembamba za urembo zilizopakwa rangi ya dhahabu, zimechongwa majani ya mzabibu yanayopandana. Sikuhitaji kuuliza zimetoka wapi. Kila Jumamosi ninayoenda kuzika nazipita. Zinazunguka kile kidirisha cha kioo kwenye jeneza, pale tunapopanga foleni kumtazama marehemu usoni kwa mara ya mwisho.

Nikamwambia, "Baba Wawira, hizi ni mbao za jeneza."

"Zimewahi kuwa kwa jeneza?"

"Bado."

"Basi ni mbao. Mbao ni mbao, Mama Njeru. Kioo itajuaje?"

Alikuwa amezipata kwa fundi wa majeneza aliyefunga kazi, na zilikuwa za kutupwa. Nilijaribu kumweleza kuwa kioo hakitajua ila watu watajua. Hakuelewa, na baadaye nikagundua kwa nini. Nyaga huhudhuria kila mazishi, lakini huketi kwenye hema la waheshimiwa akingoja maikrofoni. Watu wanaposimama kwenda kuaga mwili, yeye hupanga hotuba. Katika maisha yake yote hakuwahi kupita karibu na lile sanduku akaliona vizuri.

Mimi ni fundi, si padri. Nilizikata mbao hizo, na nilizikata vizuri. Majani ya mzabibu yalikutana kwenye pembe kana kwamba yalimea hapo. Nilipaka mgongo rangi na kuweka patapata. Nyaga alitaka nigandishe kioo kwa gundi kisiibiwe na wakwe. Nikamwambia gundi ni gharama zaidi, na hapo tukaelewana mara moja. Nilikitundika kwa skrubu. Kisha nikaenda sebuleni nikatundika picha yake ndani ya muringa, na ukweli ni kwamba ilipendeza kuliko mwenyewe.

Siku ya wageni nilikuwa jikoni na akina mama wa kanisa. Watu wa Muthara walifika wakiwa nadhifu, wakatania kidogo kuwa kwao hutafunwa miraa na wala si majani ya mbuzi, nasi tukacheka kidogo kama inavyotakiwa. Aliyewaongoza ni mzee mmoja mwenye kofia nzuri ya manyoya, ndiye msemaji wao. Lakini mwenye neno la mwisho alikuwa Tata Kananu, shangazi ya Mutwiri. Baba ya Mutwiri, ndugu yake Tata, alikuwa amezikwa karibuni, na ni huyo mama aliyebaki kusimama mahali pa mzazi. Kibuyu cha uji kilikuwa mezani. Wageni wakikionja, mazungumzo yamefunguliwa. Wakiondoka bila kukionja, hakuna kitu, na kurudi tena ni kazi ya miaka. Wawira alilijua hilo. Alikuwa amesimama karibu nami akikausha sahani ambayo ilikauka zamani.

Nyaga hakuweza kungoja. Kabla hata ya maombi alitangaza kuwa bafu liko ndani ya nyumba, na mgeni yeyote anayetaka kunawa mikono asione haya. Tata Kananu akainuka kwa heshima akaenda. Alikaa huko kidogo. Aliporudi hakuketi vizuri, aliketi ukingoni mwa kiti, akamnong'oneza mama aliyekuwa kando yake. Mama huyo naye akaenda kunawa. Akarudi na mikono mikavu. Kisha akaenda yule msemaji, na alirudi ameishika kofia mkononi.

Hakuna aliyelalamika. Watu wa kwao hawalaumu nyumba ya mtu wakiwa ndani yake. Msemaji alisimama akasema wangeomba nafasi watoke nje washauriane kidogo. Nyaga aliduwaa, maana watu hutoka kushauriana wakiwa wameshatajiwa mahari, na yeye hakuwa ametaja hata mbuzi. Uji ulikuwa haujaguswa.

Wawira alichungulia dirishani. "Mama Njeru," akasema, "wamesimama kwa gari. Hawajasimama chini ya mti, wamesimama kwa gari." Machozi yalikuwa yamemjaa. Mtoto huyo nilimjua tangu akibebwa mgongoni, na sikuweza kuvumilia kumwona hivyo siku yake mwenyewe.

Nilitoka nikamkuta Tata Kananu kando ya tangi la maji, peke yake. Nikamwamkua, nikamwambia mimi ndiye fundi wa kile kioo. Nilidhani atanitukana, na ningekubali. Badala yake alinisogelea.

"Mama, sisi si watu wa ushirikina," akasema. "Lakini nilipoinua kichwa nijione pale, nilimwona ndugu yangu. Majani yaleyale. Dhahabu ileile. Nikajiuliza hawa watu wanatuambia nini."

Mzaha wote ulinitoka. Siku zote hizo nilikuwa nimeisimulia habari ya mbao za Nyaga pale karakana tukicheka, na hapa palikuwa na mama aliyeinamia kile kidirisha na kumwangalia ndugu yake. Nilimwambia pole, nikimaanisha. Nikamweleza kuwa hakuna anayewaambia kitu, ni ubahili tu, na kama huwa wanao Muthara bila shaka anaujua. Akakiri kuwa wanao. Nikamwomba anipe nafasi kidogo kabla hawajawasha gari.

Nilirudi ndani nikimfikiria Mzee Ireri. Kioo kilikuwa kwenye skrubu, kwa hiyo nilikiinua tu kikatoka ukutani. Kama kingekuwa na gundi, leo Wawira angekuwa bado anakausha sahani. Lakini huwezi kuwaonyesha wageni ukuta mtupu wenye alama za skrubu, na kioo kisicho na fremu kina kingo za kumkata mtu. Nilihitaji fremu nyingine ya kipimo kilekile. Katika nyumba hiyo ilikuwepo moja tu, na sote tulijua iko wapi.

Nyaga alikuwa amesimama sebuleni chini ya picha yake. Nilipomweleza alikataa. Alisema muringa ule ni wa sebule, bafuni utaharibiwa na mvuke, kana kwamba ghafla amekuwa fundi. Alisema wageni wanaringa. Alisema tena kuwa mbao ni mbao.

Wawira alitoka jikoni, bado na kitambaa cha vyombo begani. Hakupandisha sauti, maana wageni walikuwa nje tu. "Baba," akasema, "ni nani anaolewa leo, mimi ama hiyo picha?"

Nyaga aliitazama picha. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, na nataka mjue kwamba jibu halikuwa wazi kwake. Kisha akaketi. "Shusha," akasema.

Wawira mwenyewe alipanda kwenye kochi akaishusha. Niliyafanya yote sakafuni kwenye korido kwa bisibisi ya gari la Nyaga na kisu cha kumenyea viazi. Niling'oa misumari midogo iliyoshika kioo, nikatoa picha na kioo chake cheupe, nikaingiza cha bafuni. Kiliingia bila kusukumwa. Kupima mara moja kulikuwa kumetusaidia, na hilo lilinikera kidogo. Nilihamisha patapata, nikatundika, nikafuta alama za vidole. Nilitazama kwa pembeni, na mgongo wa muringa ulikuwa umepakwa vizuri.

Tata Kananu aliingia bafuni mara ya pili. Mimi nilisimama mlangoni na taulo, Wawira nyuma yangu amenishika mkono kwa nguvu. Tata alinawa kwa maji ya kikombe, polepole, akainua kichwa. Akajigeuza upande mmoja, akajigeuza upande wa pili, akarekebisha kitambaa chake cha kichwani.

"Sasa nimezeeka tu," akasema.

Alikausha mikono akaenda sebuleni, akaketi akaegemea kabisa, akanyoosha mkono akachukua kibuyu. Wawira alilia, na mimi pia. Yule msemaji akavaa kofia yake. Mahari ilizungumzwa hadi jua likaenda chini, na Nyaga, kwa kisasi, hakupunguza hata mbuzi mmoja.

Arusi ilifanyika. Wawira alipoenda Muthara alimwomba baba yake zawadi moja tu, akataja kile kioo pamoja na fremu yake. Mbele ya wakwe Nyaga angesema nini? Kiko huko mpaka leo, na kila nikikutana na Wawira namuuliza kama pembe zimefunguka. Hazijafunguka.

Miezi michache baada ya arusi nilienda kwa Nyaga kuchukua sufuria yangu kubwa, maana akina mama wa kanisa hukopesha lakini hawasahau. Nikaingia sebuleni. Picha ilikuwa imerudi ukutani, Nyaga na suti yake na kompyuta yake iliyozimwa. Alikuwa ameitafutia fremu mwenyewe. Kwani mbao si zilikuwepo, na kipimo si ni kilekile? Majani ya mzabibu ya dhahabu yalimzunguka pande zote, yamekutana kwenye pembe kana kwamba yalimea hapo.

Nilipokuwa nimesimama nikiitazama, jirani mmoja aliingia kuulizia bei ya muguka. Alipofika mlangoni akaona ukuta. Akanyamaza, akavua kofia, na alipozungumza alinong'ona.

Baada ya jirani kuondoka Nyaga alinisogelea akiwa amefurahi sana. Aliniambia kuwa siku hizi kila anayeingia nyumbani kwake anafanya vile, wakubwa kwa wadogo, na kwamba hatimaye watu wa Siakago wamejifunza kumheshimu.

Nikamwambia ni hiyo fremu.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikuitupa."